Mtambo Usiojua Bado

Mtambo wa Ghala Kuu ulijua majibu mawili tu, ndiyo na hapana, na balaa lote lilianzia hapo.

Wenyewe haukuwa na kosa, masikini. Ulitengenezwa na watu wa mbali, wakaupakia melini kama zawadi, ukafungwa mjini katika jengo lenye baridi kuliko chumba cha maiti. Hakuna aliyeuambia kwamba umekuja kuishi na watu ambao ukimwuliza mmoja wao kama ameoa, hata awe na mvi kichwa kizima na hana mpango wowote wa kuoa, atakujibu "bado". Mtambo wa Ziwani nao ulikuwa zawadi, ila ya wafadhili wengine, ambao na wale wa kwanza walikuwa hawasalimiani. Wa tatu, wa kituo cha utafiti cha Kwemvumo kule milimani, uliungwaungwa na wahandisi wetu wenyewe kwa vipuri vya kuokoteza, na ndio pekee uliofundishwa kwamba swali laweza kujibiwa ndiyo, hapana, au bado. Serikali ikavuta nyaya za simu kupanda na kushuka mabonde, ikaiunganisha mitambo yote mitatu, ikakata utepe, ikapiga picha. Ndipo ikagundulika kwamba hakuna mtambo unaoelewa salamu ya mwenzake.

Aliyeumia zaidi alikuwa Dakta Nakijwa Mshana, mtafiti wa homa pale Kwemvumo. Kazi yake ilikuwa homa ya kimya. Ugonjwa huo haukuanza na joto wala maumivu. Mtu aliamka asubuhi, akawaita watoto, na watoto hawakugeuka. Sauti ilikuwa imekwenda. Baadaye joto lilipanda, na mwishowe kifua nacho kikanyamaza. Kulikuwa na sindano iliyoweza kukizuia kifua kisinyamaze, lakini sindano zilikuwa chache, na Ghala Kuu ndilo lililozigawa kwa hospitali zote.

Huko Ziwani, wagonjwa wengine walikuwa wanapona bila sindano. Kwa nini? Jibu lilikuwa limelala ndani ya mtambo wa Ziwani, na Nakijwa alipoliomba kwa waya, zilimjia kurasa nzima za vinyota. Aliwahi kupanda treni hadi kule, akarudi amekumbatia utepe wa kumbukumbu kama mtoto mchanga, akakuta utepe ni mpana kuliko mdomo wa mashine yao kwa unene wa kidole. Siku hiyo alilia chooni, akanawa uso, akarudi kazini.

Kwa hiyo Mhandisi Kaijage alipojenga Mkalimani, Nakijwa alitaka kumbusu hadharani. Mkalimani alikuwa kabati la chuma, kubwa kama la nguo, lililosimama katikati ya nyaya zote. Alisikiliza lugha ya huyu, akamwambia yule kwa lugha yake. Alipotaka kuingia mtambo mwingine alibisha hodi kwanza, na mwenyeji alipojibu karibu, ndipo akaingia. Kaijage alimfundisha hivyo kwa utani, na utani ukafanya kazi.

Kitu kimoja tu kilimkera Nakijwa. Kaijage na watu wote wa kituo walikuwa wakisema "Mkalimani amelala", "Mkalimani amekasirika leo", kana kwamba ni mtu. Yeye alijikaza. Kwake lilikuwa kabati, na kabati limezima au limewaka. Hakuliita kwa neno jingine.

*

Mchana ule ukungu uliingia mpaka ndani. Kwemvumo ndivyo ilivyo: saa sita mchana unawasha taa, na nguo zilizoanikwa jana bado zinadondosha maji. Nakijwa alikuwa ameinama juu ya printa, anasoma karatasi inavyotoka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka alikuwa anacheka peke yake. Data za Ziwani zilikuwa zinakuja safi. Mgonjwa, kijiji, umri, chakula, dawa alizowahi kumeza. Tayari aliona kitu. Wengi wa waliopona waliwahi kutibiwa ugonjwa mwingine kabisa, miezi kadhaa kabla ya homa kuwapata. Alihitaji kujua walipewa dawa gani, na sehemu hiyo ya data ilikuwa ndiyo inafuata. Kwa mwendo wa zile nyaya, ingemaliza kufika Ijumaa.

Simu ya upepo ikakoroma pembeni. Alikuwa Sista Hiza, muuguzi wa zamu wa hospitali ya Bondeni, chini ya mlima. Katika wodi ya Sista Hiza alilazwa Mbonea, mdogo wake Nakijwa. Mbonea alikuwa mnadi wa ng'ombe. Akiwa mnadani sauti yake ilisikika ng'ambo ya mto. Wiki iliyopita aliamka akamwita mkewe, na mkewe hakugeuka.

"Dakta, shikamoo. Gari la dawa limefika."

"Marahaba, Sista. Afadhali! Mbonea ameshachomwa?"

"Ndiyo maana napiga. Kuna watu sita hawakuletewa sindano. Karatasi ya Ghala inasema wamefungwa."

"Wamefungwa? Gerezani?"

"Hata mimi nilicheka, Dakta. Inasema faili zao zimefungwa. Yaani wamekwisha." Sauti ya Sista ilishuka. "Nami niko nao hapa. Wako vitandani, wananitazama. Sasa niwaambie nini?"

"Mbonea yumo?"

"Kwenye hao sita hayumo. Lakini naye hakuletewa. Kwake wameandika tarehe ya kesho, halafu neno hilohilo, amefungwa."

"Kesho haijafika, Sista."

"Ndiyo hivyo, Dakta. Bado."

*

Kaijage alikuwa upande wa pili wa chumba, amekaa mbele ya kabati lake na kikombe cha chai iliyopoa. Alikuwa Mhaya mrefu, msemaji, mtu wa kukuchekesha hata msibani. Leo hakuinuka. Shingoni alijizungushia skafu ya sufi.

"Kaijage, hili kabati lako limeliambia nini Ghala Kuu kuhusu wagonjwa wa Bondeni?"

Alikohoa kidogo, akasafisha koo. "Amewaambia ukweli, Dakta. Kwa kadiri wanavyoweza kuuelewa."

"Niambie na mimi, tuone kama nitauelewa."

Akamweleza, na maelezo yenyewe yalikuwa mepesi mno, ndiyo maana yalitisha. Katika rekodi ya kila mgonjwa kulikuwa na swali: amefariki? Hospitali zote ziliandika bado. Wangeandika nini kingine? Hakuna muuguzi atakayeandika hapana mbele ya mgonjwa, kana kwamba ana hati ya kumiliki kesho. Mtambo wa Kwemvumo uliipokea bado bila shida. Ila Ghala Kuu lilirudisha rekodi hizo zote, maelfu, halikuzitaka. Kwanza Kaijage aliigeuza bado kuwa hapana. Ghala likaelewa kwamba watu hawa hawafi, basi hawahitaji sindano, likawafuta kwenye mgao.

"Walikosa dawa wiki nzima," alisema Kaijage. "Wiki nzima, Dakta, kwa sababu ya neno langu moja. Nikatafuta njia. Kwenye kitabu chao nikakuta kwamba Ghala linakubali swali lisilo na jibu leo, mradi uliambie litajibiwa lini. Bado ni nini? Ni jambo ambalo halijatokea, lakini litatokea. Si ndiyo? Sasa likiuliza litatokea lini, inabidi lijibiwe. Nikamwambia Mkalimani aangalie wagonjwa wote waliopita, wa Ziwani, wa huku, wa kila mahali, akadirie."

"Akadirie siku ya mtu kufa."

"Akadirie siku ya kufungwa swali."

"Ni kitu kimoja, Kaijage!"

Hakubisha. Akamweleza lililobaki, akiangalia chai yake. Ghala halikujua kukadiria ni nini. Lilipewa tarehe, likaipokea kama tarehe ya harusi iliyokwisha kutangazwa. Kama tarehe ya mtu iliangukia kabla dawa haijaanza kumfanyia kazi, Ghala liliona hakuna haja ya kumpelekea. Sindano ikaenda kwa mwingine. Na mtu yule, akikosa sindano, alikufa. Kila aliyekufa alirudi kwa Mkalimani kama ushahidi, na Mkalimani akazidi kuwa mkali wa kukadiria.

"Wiki mbili hizi hajakosea hata mara moja," Kaijage alinong'ona.

"Atakosea vipi? Umemnyima mtu dawa kwa sababu atakufa, akifa unasema ulibashiri!"

Ndipo Nakijwa akajisikia. Alikuwa amesema "atakosea". Hakusema "litakosea". Kabati lilikuwa linavuma taratibu nyuma ya Kaijage, kwa sauti ya mtu aliyefumba mdomo anafikiri.

Printa ya kabati ikaanza kugonga bila kuguswa. Wote wawili waliruka.

HODI. HODI. HODI.

"Nani anabisha?" aliuliza Nakijwa. "Ghala?"

"Si Ghala. Ni yeye mwenyewe." Kaijage alizidi kujikunyata ndani ya skafu. "Ameanza tangu juzi. Akimaliza wagonjwa, anaanza wengine. Kuna orodha ya wafanyakazi, ile ya kupimwa afya. Swali la kwanza, una homa? Unakumbuka uliandika nini?"

Alikumbuka vizuri. Aliandika bado. Kila mtu kituoni aliandika bado, na mpishi akaongeza "na Mungu aepushe". Nani mwenye akili timamu angeandika hapana?

"Kwa hiyo anatutafutia tarehe," alisema polepole. "Sisi wazima."

Karatasi ikasogea, likatoka jina la mpishi, kisha tarehe. Likatoka jina la mlinzi. Kabla jina linalofuata halijakamilika, Kaijage alinyanyuka, akaichana karatasi, akaikunja na kuitia mfukoni. Nakijwa aliwahi kuona herufi mbili za mwanzo tu. Hakujua kama ni za jina lake, na hakuuliza. Alimtazama Kaijage akirudi kukaa na mkono shingoni, akakumbuka kwamba mtu huyu hajaimba bafuni tangu juzi.

"Una nini kooni?"

"Baridi tu, Dakta," alisema Kaijage. Sauti yake ilikuwa nyembamba, ya mtu anayeongea kutoka chumba cha mwisho.

*

Siwezi kumsafisha Nakijwa kwa alilofanya baadaye, na sidhani kama yeye angetaka asafishwe. Alimwomba Kaijage akapumzike. Akafunga mlango, akavuta kiti mbele ya kibao cha herufi, akaita rekodi ya mdogo wake.

MBONEA MSHANA. MNADI. AMEFARIKI? BADO. ALHAMISI.

Alijiambia anarekebisha kosa. Kwani si kosa? Mwanamume mzima, kifua kipana, alikuwa anabeba ndama begani. Alhamisi ilitoka wapi? Akaifuta, akaandika Alhamisi ya wiki nyingine. Mkalimani akabisha hodi Ghala Kuu, Ghala likajibu karibu, na baada ya muda mfupi jibu likarudi: sindano moja, gari la kesho, Bondeni, Mbonea Mshana.

Machozi ya furaha yalimtoka. Alikuwa akiyafuta na kiganja printa ilipogonga tena.

MWANVITA KIONDO. MUUZA VITUMBUA. AMEFARIKI? BADO. ALHAMISI.

Aliitazama karatasi ile. Akatafuta rekodi ya Mwanvita Kiondo, Bondeni, wodi ileile. Asubuhi tarehe yake ilikuwa mbali. Sindano yake ya kesho ilikuwa imeshaandikwa. Sasa haikuwepo.

Gari lilikuwa na nafasi zilezile na sindano zilezile. Alipomsogeza mmoja, Mkalimani alihesabu upya na kumsogeza mwingine, bila chuki na bila kuuliza, kama watu wanavyobanana kwenye benchi la kanisani mpaka wa mwisho akaanguka. Nakijwa alijaribu kumwokoa Mwanvita pia. Likatoka jina la mzee mmoja wa Kwashemshi. Akamwokoa mzee. Likatoka jina la mwanafunzi. Kila jina lilitoka na kazi yake, maana fomu iliuliza kazi, na ile kazi ndiyo iliyomchoma. Angeweza kuendelea hivyo mpaka amalize wilaya nzima, na siku zote angebaki mtu mmoja amesimama nje.

Aliinuka, akaenda dirishani. Ukungu ulikuwa umeifuta bustani, ukalifuta na lango. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Muuza vitumbua. Pengine ndiye yule wa stendi ya Bondeni, anayekuongezea kimoja ukimsalimia vizuri.

Akarudi kwenye kibao. Akarudisha tarehe zote alizozigusa, na mwisho ile Alhamisi ya Mbonea, herufi kwa herufi.

*

Kaijage hakuwa amelala. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za nje, ukungu umemfunika mpaka magotini.

"Tumzime," alisema Nakijwa.

Kaijage alitikisa kichwa. Alipoongea ilibidi Nakijwa ainame. "Ukimzima, Ghala linarudi kwenye kukataa bado zote. Hakuna mtu wa milimani atakayepata hata sindano moja. Na Ziwani je? Umesema Ijumaa. Ukipata ile dawa, Dakta, sindano zenyewe hatutazihitaji tena. Ni watu wangapi hao? Tunawaacha kwa sababu ya watu saba wa Bondeni?" Akameza mate kwa taabu. "Au kwa sababu ya Mbonea?"

Swali lilikuwa la haki, nalo lilimuuma kwa sababu hiyohiyo. "Kwa sababu ya Mbonea," alisema. "Nisikudanganye. Kama ningekuwa simjui mtu hata mmoja pale chini, pengine ningesubiri Ijumaa na kulala usingizi mzuri. Hilo ndilo linalonitisha."

Ndani kabati lilivuma. Mbali kidogo, mtu asiyeonekana ndani ya ukungu alimwita mwenzake, na mwenzake akachelewa kuitika, na wote wawili wakajikuta wamekaza masikio mpaka alipoitika.

"Ulisema bado ni jambo ambalo halijatokea," Nakijwa alianza, taratibu, kama anayepapasa ukuta gizani. "Bado hajafa. Bado hajaoa. Sawa. Lakini Kaijage, mkeo akiniuliza kama umeshaondoka kazini, nami nakuona hapa umekaa, namjibu nini?"

Kaijage alimgeukia.

"Namjibu, bado yupo," alisema Nakijwa. "Neno ni lilelile. Upande mmoja linaangalia kisichofika, upande mwingine linaangalia kilichopo. Wewe ulimfundisha upande mmoja tu. Muuguzi akiandika bado hatangazi kifo kilichochelewa. Anasema mtu yupo, namwona, anapumua. Mfundishe hivyo."

"Ghala halina jibu kama hilo. Litamwuliza, yupo mpaka lini?"

"Ajibu, yupo."

"Litauliza tena."

"Ajibu tena."

Kaijage alifumba macho, na Nakijwa alimwona akiifuata ile safari kichwani, waya kwa waya. Alipofumbua alikuwa ameshafika mwisho wake. Aliongea kwa kunong'ona, maana kunong'ona ndiko kulikobaki. "Kila mgonjwa atashikilia laini moja ya mitambo. Watazijaza zote. Ghala litaganda. Na data za Ziwani hazitakuwa na pa kupita. Kila kitu chako, Dakta. Utarudia kupanda treni ukanakili kwa mkono. Miezi."

"Najua."

"Katika hiyo miezi watu watakufa."

"Najua, Kaijage. Usifikiri sijui." "Lakini watakufa kwa homa. Hawatakufa kwa sababu tumeshawaandika."

Hakuwa na hakika hata kidogo. Mtu mwingine, mwenye moyo mgumu au mwenye akili zaidi, angesubiri Ijumaa, na pengine angekuwa sahihi.

Kaijage aliingiza mkono mfukoni, akaitoa ile karatasi iliyokunjwa. Hakuikunjua. Akajielekezea kidole kifuani, akainua nyusi, akiuliza bila sauti. Nakijwa alielewa kwamba lile la kooni halikuwa baridi.

"Na wewe upo," alimwambia. "Kwani sikuoni?"

Mhandisi akainuka, akaingia ndani, akakaa mbele ya kabati. Alifanya kazi kwa muda mrefu na vidole vyake vilikuwa na haraka ya mtu anayeandika barua akiwa stesheni. Alipomaliza alimwachia Nakijwa kitufe cha mwisho akibonyeze mwenyewe. Printa nyingine, ile ya Ziwani, ilikuwa bado inamletea kurasa zake, safi, nzuri, ikikaribia sehemu ya dawa. Nakijwa alisoma mstari mmoja wa mwisho, akaung'ang'ania kwa macho, kisha akabonyeza. Mstari uliofuata ulikuwa vinyota.

*

Kesho yake asubuhi simu ya mezani haikupoa. Mpakiaji mkuu wa Ghala, mtu ambaye Nakijwa hajawahi kumwona, alikuwa anafoka kutoka mjini.

"Mtambo umegoma! Unauliza mpaka lini, mnaujibu yupo, unauliza mpaka lini, mnaujibu yupo. Mnatuchezea? Gari liko mlangoni, dereva amekaa, na mimi sina karatasi. Nitapakia vipi?"

"Piga simu hospitali, ndugu yangu. Moja baada ya nyingine. Uliza."

"Niulize nini?"

"Uliza nani yupo."

"Hivyo tu?" alisema yule mtu, na hasira ikamwisha ghafla kama mtu aliyepewa mzigo mwepesi kuliko alivyojiandaa. "Haya. Ngoja nitafute kalamu."

Saa zilipita. Wakati huo Kaijage hakuwa na sauti tena. Alikuwa amejilaza kwenye benchi, blanketi kifuani, akifuata kila kitu kwa macho. Mpishi alimletea uji, akamwinua, akamnywesha, huku akimsimulia habari za mbuzi wake kwa kirefu kana kwamba anajibiwa. Ghala lilikuwa na ahadi ya kuleta sindano moja Kwemvumo pia, baada ya Bondeni, kama zitabaki.

Adhuhuri Nakijwa hakuvumilia. Akaishika simu ya upepo, akaita mpaka Sista Hiza akaitika katikati ya mikwaruzo.

"Sista, gari limefika?"

"Bado, Dakta."

Ilikuwa Alhamisi, na barabara ya Bondeni aliijua, utelezi kuanzia daraja la chini. Alitazama kabati, akatazama benchi. Kisha akauliza lile alilopigia.

"Na Mbonea?"

Mikwaruzo ilizidi. Ilimeza sauti ya Sista, ikairudisha, ikaimeza tena. Nakijwa alisubiri ameegemeza paji la uso ukutani.

"Bado," alisema Sista Hiza.

Mawasiliano yakakatika. Nakijwa alibaki ameshika kipokezi, amelishika na lile neno, la kwanza na la pili, gari na mdogo wake, wote wawili njiani wanashindana, na hakujua ni upande gani wa neno utakaotangulia kufika. Nyuma yake printa ilikuwa inagonga bila kuchoka, mstari juu ya mstari. Mpaka lini? Yupo. Mpaka lini? Yupo.

"Anajibu," alimwambia Kaijage, na safari hii hakujirekebisha. Akavuta kiti, akakaa karibu na benchi mahali ambapo angeweza kuona blanketi likipanda na kushuka, akasubiri.